Askofu aliyemsimamisha Kaisari mlangoni: kilichotokea kweli na kilichochorwa

Kuna picha mbili za rangi za mafuta, moja iko Vienna kwenye makumbusho ya Kunsthistorisches, nyingine iko London pale National Gallery, na zinafanana kiasi kwamba mtu akikuonyesha kwenye simu moja baada ya nyingine unaweza kudhani ni ileile imepigwa na kamera tofauti. Ya Vienna ni ya Peter Paul Rubens, dude kubwa, zaidi ya mita tatu na nusu kwenda juu, aliichora kati ya 1615 na 1617 hivi. Ya London ni ya Anthony van Dyck, dogo aliyekuwa anafanya kazi kwenye karakana ya huyohuyo Rubens, yake ni ndogo, kama mita moja na nusu kwa moja na kidogo, na ni ya 1619 au 1620, kijana hata miaka 22 hajafika.

Zote mbili zinaonyesha kitu kimoja. Kulia kwenye ngazi za kanisa amesimama askofu mzee, ndevu nyeupe, kofia ndefu ya kiaskofu, joho zito la dhahabu. Kushoto anakuja mwanaume mwenye nguvu zake, amevaa deraya ya kijeshi ya Kirumi na joho la kifalme juu yake, nyuma ana wanajeshi, anataka kuingia. Askofu amenyoosha mkono, haingii mtu hapa. Yule anayezuiwa ndo Kaisari Theodosius, mtawala wa dola nzima ya Roma, na anayemzuia ni Ambrosi, askofu wa Milano, yuleyule ambaye Wakatoliki wanamkumbuka tarehe 7 Desemba kila mwaka.

Wengi wakiiona wanaisoma haraka tu, aah, dini imeiambia siasa simama hapo. Na ukisoma kurasa nyingi za mitandaoni utakuta wanasimulia hivohivo, Theodosius aliua watu Thesalonike, akaja kanisani, Ambrosi akamfungia mlango, Kaisari akalia akatubu. Stori tamu sana. Shida ni kwamba hapo ndani yamebanana mambo matatu ya nyakati tatu tofauti: kilichotokea mwaka 390, hadithi iliyokuja kuandikwa nusu karne baadaye, na mahitaji ya Antwerp, mji wa Ubelgiji ya leo ambako Rubens alikuwa na karakana yake, miaka ya 1610. Usipoyatenganisha utaishia kudhani Rubens alikuwa anapiga picha ya habari.

Tuanze na Thesalonike, ule mji ambao Paulo aliwaandikia barua mbili. Mwaka 390 kamanda wa jeshi pale alikuwa anaitwa Butheric, Mgothi, yaani sio Mroma wa asili, na hilo peke yake lilikuwa linawakera wenyeji. Kulikuwa na dereva wa magari ya farasi ya mashindano, na hawa madereva umaarufu wao ulikuwa kama wa mchezaji wa Simba au Yanga siku ya derby, mji mzima unamjua. Sasa huyu dereva akamtaka kimapenzi kijana aliyekuwa mtumishi wa kumimina divai kwa Butheric, Butheric akamtupa ndani. Siku ya mashindano ikafika, watu wanamtaka dereva wao, kamanda anakataa, fujo ikalipuka na Butheric akauawa.

Taarifa ikamfikia Theodosius huko kaskazini mwa Italia alikokuwa, na jamaa alikuwa na hasira za karibu, hili halina ubishi maana hata Ambrosi mwenyewe alimwandikia wazi kwamba una moyo ambao mtu akiutuliza unageuka haraka kwenye huruma, ila ukichochewa unashindwa kujizuia. Amri ikatoka ya kuuadhibu mji. Baadaye inasemekana akajuta akatuma amri nyingine ya kusitisha, ikachelewa njiani. Wanajeshi wakaua watu ovyo, mwenye kosa na asiye na kosa, wageni na wenyeji. Mwanahistoria wa kanisa anayeitwa Theodoreto anasema waliokufa ni 7,000, lakini aliandika zaidi ya miaka hamsini baadaye kwa hiyo idadi hiyo ichukulie kwa tahadhari. Sozomen, mwingine wa kipindi hichohicho, anasimulia mfanyabiashara mmoja aliyejitoa afe yeye badala ya wanawe wawili waliokamatwa, wanajeshi wakamwambia wanaweza kumwachia mmoja tu kwa sababu hesabu yao ya vichwa lazima itimie, achague, na mzee analia anaangalia huku anaangalia kule hawezi kuchagua, mwisho wote wawili wakauawa. Iwe ilitokea hivo kabisa au imekolezwa, inakuonyesha watu waliikumbuka vipi siku ile: kulikuwa na kiwango cha maiti cha kutimiza.

Ambrosi alifanya nini? Hapa ndo penyewe. Hakusimama mlangoni. Aliondoka mjini.

Kabla Kaisari hajarudi Milano, Ambrosi alitoka akaenda shamba, akatoa sababu kwamba anaumwa, na ugonjwa kweli alikuwa nao ila anakiri mwenyewe kwamba sio ndo uliomtoa. Akiwa huko akamwandikia Theodosius barua kwa mkono wake mwenyewe, hakumsomea karani aandike kama ilivyokuwa kawaida, ili isomwe na Kaisari peke yake. Barua hiyo ipo mpaka leo. Ukiisoma unashangaa ilivyo ya upole na ilivyo ngumu kwa wakati mmoja. Anamsifia kwanza, imani unayo, hofu ya Mungu unayo. Halafu anamkumbusha Mfalme Daudi na nabii Nathani, Daudi aliyeua na kuchukua mke wa mtu, alipoambiwa alisema nimetenda dhambi, basi na wewe usione aibu kusema alichosema Daudi. Halafu anasema kilichotokea Thesalonike hakina mfano katika kumbukumbu, na kwamba alishamsihi mara nyingi kabla hakijatokea. Na mwisho ndo inakuja risasi: mimi sithubutu kutoa sadaka altareni kama wewe utakuwepo. Anaongeza kwamba usiku alipokuwa anajiandaa kuondoka mjini aliota ndoto amemwona Kaisari amekuja kanisani na yeye akashindwa kuadhimisha misa.

Ona alivyokuwa mjanja. Hajamtenga na kanisa kwa tangazo, hajamtukana mbele za watu, hajasema wewe sio Kaisari tena. Amesema mimi ndo sitaweza. Amemwachia mwenye cheo njia ya kutokea bila kudhalilika, na hapohapo amemfungia njia nyingine zote, maana Kaisari Mkristo anayekaa Milano bila kuonekana misa ya askofu wa Milano, watu wataanza kuuliza. Ambrosi hakuwa mtawa aliyetoka pangoni huyu. Kabla ya uaskofu alikuwa gavana wa mkoa uleule, mwanasheria, mtoto wa mkubwa serikalini, na mwaka 374 alipokwenda kanisani kutuliza ugomvi wa kumchagua askofu mpya watu wakaanza kumpigia kelele yeye awe askofu wakati hata ubatizo alikuwa bado, akabatizwa na kuwekwa wakfu ndani ya siku nane. Mtu wa ofisi za serikali anajua barua ya siri ina nguvu kuliko kelele.

Na ikafanya kazi. Theodosius akafanya toba ya hadharani. Ambrosi mwenyewe alikuja kusema kwenye mahubiri ya mazishi ya Kaisari mwaka 395 kwamba alivua alama zote za kifalme, akalia mbele ya watu kanisani, na kwamba watu wa kawaida wanaona haya kufanya kitu ambacho Kaisari hakuona haya kukifanya. Kwa kawaida inatajwa kwamba alirudishwa kwenye komunyo Krismasi ya mwaka uleule wa 390. Hiyo toba ni kweli na ni tukio kubwa, lisidharauliwe, kwa sababu hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumlazimisha yule mtu, jeshi lote lilikuwa lake.

Sasa mlango ulitoka wapi? Ulitoka kwa waandishi wa miaka ya 440. Sozomen anasema Ambrosi alimkuta Kaisari mlangoni akamshika joho lake la zambarau mbele ya umati. Theodoreto akaja na toleo refu zaidi lenye hotuba kabisa, utainuaje mikono inayochuruzika damu, na miezi nane Kaisari amekaa ikuluni analia, na afisa mkubwa anayeitwa Rufinus anajitolea kwenda kumbembeleza askofu anarudishwa kwa maneno makali. Hawa wote waliandika upande wa mashariki wa dola, mbali na Milano, watu walioshuhudia wameshakufa. Paulinus aliyekuwa katibu wa Ambrosi aliandika maisha yake mwaka 422 na yeye hana huo mchezo wote wa ngazini. Halafu karne ya 13 Yakobo wa Voragine akaliweka toleo lenye mlango kwenye mkusanyiko wake wa maisha ya watakatifu, kitabu kilichosomwa Ulaya nzima, na hapo ndo likakaa vichwani mwa watu moja kwa moja.

Unaelewa kwa nini waliupenda mlango. Barua haichoreki. Mzee yuko shamba anaumwa, anaandika, anapiga muhuri, mjumbe anaondoka na farasi, hapo mchoraji unamwambia achore nini? Mlango una ngazi, una juu na chini, una watu wanaotazama. Wale waandishi waliligeuza shinikizo la siri kuwa tukio la wazi, na Gregori wa VII, yule Papa aliyemfanya Henry IV wa Ujerumani asubiri kwenye baridi nje ya ngome ya Canossa Januari 1077, aliandika barua mwaka 1081 akimtaja Ambrosi na Kaisari kama ushahidi kwamba kanisa linaweza kumtenga mtawala. Kwa hiyo kufikia wakati wa Rubens hii ilikuwa imeshakuwa hoja ya kisheria ambayo makadinali na wafalme wanarushiana.

Ila kabla hatujafika Antwerp kuna kitu lazima nikitoe, maana hakikai vizuri kuandika habari ya Ambrosi na Theodosius halafu kikarukwa, na kinarukwa kila siku.

Ambrosi na Theodosius walishawahi kukabiliana kweli, uso kwa uso, ndani ya kanisa, watu wanaona. Ilikuwa kama miaka miwili kabla ya Thesalonike, mwishoni mwa 388 au mwanzoni mwa 389. Huko Callinicum, mji wa mpakani kwenye mto Frati, leo unaitwa Raqqa nchini Syria, Wakristo walichoma sinagogi la Wayahudi kwa uchochezi wa askofu wao, na watawa wakachoma pia nyumba ya ibada ya kikundi kingine cha kidini. Theodosius akaamuru kitu ambacho mtu yeyote mwenye akili ya serikali angeamuru: waliochoma waadhibiwe, askofu alijenge upya sinagogi kwa gharama zake.

Ambrosi akaja juu. Akaandika barua akisema askofu hawezi kulazimishwa kujenga nyumba ya wasiomwamini Kristo, akafika mahali pa kusema mimi mwenyewe natangaza nimelichoma mimi, au niliwaagiza. Barua haikutosha. Kwa hiyo siku Kaisari yuko kanisani, Ambrosi akahubiri, akamlenga, akashuka. Haya tunayajua kwa sababu alimwandikia dada yake Marcellina akamsimulia mazungumzo yenyewe. Kaisari akamwambia, leo umenihubiri mimi. Ambrosi akajibu, nimehubiri kilicho na faida kwako. Kaisari akasema kweli lile agizo la askofu kujenga sinagogi lilikuwa kali, limeshalegezwa, ila watawa nao wanafanya maovu mengi. Jenerali mmoja, Timasius, akaingilia akaanza kuwasema watawa, Ambrosi akamkata. Halafu akabaki amesimama tu, haendi altareni. Akamwambia Kaisari niwezeshe nikutolee sadaka moyo wangu ukiwa mweupe. Kaisari amekaa, anatikisa kichwa lakini hasemi wazi, anasema atarekebisha. Ambrosi anasema futa uchunguzi wote. Kaisari anaahidi. Ambrosi anamuuliza, naendelea kwa neno lako? Anarudia, naendelea kwa neno lako. Kaisari anamjibu, endelea. Ndo akaenda altareni.

Hilo ndo tukio halisi la askofu kumbana Kaisari hadharani, lina maneno, lina mashahidi, lina ukimya wenye presha, lina jenerali anayenyamazishwa. Na lilikuwa la kuwakingia kifua wachoma moto, waliochomewa hawakupata chochote. Hakuna mchoraji wa Baroque, ule mtindo wa mbwembwe wa wakati wa kina Rubens, aliyelifanyia turubai la mita tatu. Nguvu ileile, mtu yuleyule, mbinu ileile ya kusema siendi altareni mpaka ukubali, mara ya kwanza imetumika kuzuia haki na mara ya pili kuidai. Mimi naona ukilijua hili picha ya mlango inabadilika kabisa, kwa sababu swali la nani alimnyamazisha nani halikuambii nani alikuwa sahihi.

Haya, Antwerp. Mji huu ulikuwa umepigika. Mwaka 1566 Waprotestanti wakali waliingia makanisani wakavunja sanamu na kupasua picha, ikaja vita, mwaka 1585 Wahispania wakauteka na Waprotestanti wakaondoka kwa maelfu. Mwaka 1609 yakaja makubaliano ya kusitisha vita kwa miaka 12 na ndo kipindi hicho makanisa yanajazwa upya, altare mpya, picha mpya, na Rubens ametoka tu Italia alikokaa miaka minane, ana kazi mpaka anashindwa, ndo maana anahitaji vijana kama Van Dyck. Kanisa Katoliki lenyewe baada ya Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu uliofungwa 1563, lilishasema picha zibaki na zifundishe watu. Sasa ukimtaka mtakatifu wa kufundisha kwamba askofu ana mamlaka, toba ya hadharani ni jambo la heshima na sakramenti haichezewi hata na Kaisari, mambo ambayo Waprotestanti walikuwa wanayapinga karibu yote, utampata wapi mzuri kuliko Ambrosi?

Na habari ilikuwa ya moto, sio ya kale. Rubens akiwa Italia alishuhudia kipindi ambacho Papa Paulo wa V aliifungia Venice nzima huduma za kanisa, 1606 mpaka 1607, kwa sababu serikali ya Venice ilikuwa inawashtaki mapadri mahakamani kwake. Na Milano, kwenye kiti kilekile cha Ambrosi, Carlo Borromeo alishamtenga na kanisa gavana wa Kihispania, Luis de Requesens, mwaka 1573 wakigombania mipaka ya mamlaka. Huyo Requesens mwaka uleule akahamishiwa wapi? Akaletwa kuwa gavana wa Netherlands, yaani hukuhuku kwa kina Rubens. Borromeo akatangazwa mtakatifu mwaka 1610. Mtu wa Antwerp mwenye kufuatilia mambo akiangalia picha ya askofu wa Milano anamzuia mtawala hakuhitaji kufikiria miaka 1,200 nyuma.

Lakini subiri, waliokuwa wanatawala pale ni Albert na Isabella, na Rubens alikuwa mchoraji wao rasmi tangu 1609. Sasa mchoraji wa ikulu anachoraje picha ya ikulu kuzuiwa mlangoni halafu akaendelea kulipwa? Hapa wengi wanakwama, wanasema alikuwa jasiri, alikuwa anatuma ujumbe. Sidhani. Kwanza Albert mwenyewe kabla ya kuoa alikuwa kadinali na askofu mkuu wa Toledo, aliacha ukadinali mwaka 1598 ili amuoe binamu yake Isabella, kwa hiyo ni mtawala aliyekaa pande zote mbili za ule mlango. Pili, ukoo wa Habsburg, ndo ukoo wa Albert na Isabella, walikuwa na stori yao wanayoipenda kupita zote, kwamba babu yao Rudolf alikutana njiani na padri anampelekea mgonjwa komunyo, akashuka kwenye farasi akampandisha padri, na ndo maana Mungu akaupa ukoo ufalme. Rubens huyuhuyu alilichora na hilo, na mwenzake Jan Wildens alimsaidia mandhari, picha iko Prado kule Madrid. Kwa watu hawa mtawala kujishusha mbele ya altare haikuwa aibu, ilikuwa ndo hati ya umiliki.

Ukirudi kwenye picha na macho hayo unaanza kuona Theodosius hachorwi kama mtu aliyeshindwa. Amechorwa mzima, mkubwa, mguu kwenye ngazi, mwili umeegemea mbele, uso umeinuliwa kwa Ambrosi kama anayeomba. Wanaokasirika ni wale wanajeshi nyuma, hao ndo wana sura ya kusema huyu mzee ni nani. Mkono wa askofu unamzuia bila kumsukuma. Hakuna anayeanguka, hakuna upanga uliochomolewa, ukitegemea fujo ya Baroque ya miili inaruka huku na huku hapa utaikosa, kuna kusimama tu kwa pande mbili zinazokaribia kugusana. Rubens anajua tumbo la stori ni kwamba huyu mtu anaweza kuingia kwa nguvu sekunde yoyote na hataki.

Halafu usidanganyike na mavazi. Ile kofia ndefu ya kiaskofu haikuwepo karne ya nne, imekuja mamia ya miaka baadaye, na lile joho la dhahabu ni la Antwerp ya wakati wao, waumini walikuwa wanaliona misa ya Jumapili. Kanisa kuu la Milano linaloonekana leo limeanza kujengwa 1386. Deraya ya Kaisari nayo ni ya zamani sana kuliko Theodosius, ya Roma ya kina Trajani, Rubens alikuwa mpenzi wa sanamu za kale na alizikusanya nyumbani kwake. Kwa hiyo askofu amevaa nguo za wakati wa mchoraji na Kaisari amevaa za kipindi kilichopita kitambo, na hapo naona kuna akili: kanisa liko hapa leo, dola ile imeshakwenda.

Van Dyck alipochukua kazi ya bosi wake kuirudia hakuinakili kama mwanafunzi. Alimnyoa Kaisari ndevu. Kwa Rubens Theodosius ana ndevu, kwa Van Dyck hana, na kwa bahati au kwa kuangalia sarafu za kale yeye ndo yuko karibu zaidi na ukweli, sarafu za Theodosius zinamwonyesha kidevu kitupu, na hata lile sahani kubwa la fedha la mwaka 388 lililofukuliwa Hispania karne ya 19 linamwonyesha hivohivo. Pia bila ndevu anaonekana kijana mbele ya mzee, mtoto anagombezwa na baba, kitu ambacho kinapunguza siasa na kuongeza machungu. Nyuma jengo la kanisa linaonekana wazi zaidi, na ameongeza mkuki na shoka la mpini mrefu vinavyosimama juu ya vichwa, hilo shoka nalo ni silaha ya zama za baadaye kabisa, ila jicho lako linapata kitu chenye ncha upande wa jeshi. Rangi zake zimepakwa haraka, unaona mapito ya brashi, ngozi na kitambaa vinatetemeka kidogo, wakati Rubens ana uzito wa mnara. Na inasemekana mmoja wa wazee wanaoonekana pembeni ya askofu amepewa sura ya Nicolaas Rockox, aliyewahi kuwa meya wa Antwerp na mteja wa wote wawili, yaani mwanasiasa wa mji kawekwa upande wa kanisa kwenye picha ya kanisa kuibana siasa, hapo nilicheka.

Kuna waliobishana miaka mingi kwamba hata ile ya Vienna sehemu kubwa ni mkono wa Van Dyck, maana Rubens alikuwa anachora wazo, vijana wanajaza, yeye anamalizia nyuso na mikono, biashara ilikuwa inaenda hivo na wateja walijua, bei ilitegemea mzee mwenyewe kagusa kiasi gani.

Mwisho wa safari za hizi picha nao una lake. Ile kubwa ikaishia kwenye mkusanyiko wa Habsburg Vienna, wafalme wenyewe wakaimiliki, na baada ya nilichosema kuhusu Rudolf na padri haishangazi. Ile ndogo ikawa mali ya John Julius Angerstein, mfanyabiashara wa bima London, na mwaka 1824 Bunge la Uingereza lilipotoa hela kununua picha zake 38 kuanzisha National Gallery, hiyo ikawemo. Yaani nchi ya Kiprotestanti iliyovunja uhusiano na Papa tangu Henry wa VIII, ambayo mfalme ndo mkuu wa kanisa lake kisheria, ikaanza makumbusho yake ya taifa ikiwa na picha ya askofu Mkatoliki anamwambia mtawala hupiti. Van Dyck mwenyewe alishafika kwao zamani, mwaka 1632 Charles wa I alimfanya mchoraji wake mkuu na kumpa cheo cha Sir, akatumia miaka yake tisa iliyobaki kuwachora mfalme na familia yake wakionekana watu ambao hakuna mlango unaofungwa mbele yao. Akafa London Desemba 1641, miezi michache kabla vita vya mfalme na Bunge havijaanza, na Januari 1649 Charles akakatwa kichwa, kwa hukumu ya mahakama iliyoundwa na Bunge, maaskofu wake walishafutwa kabla yake.